Kasoro ya moyo inayoyanyima mapafu damu: Dalili zake, vipimo na njia ya rufaa kutoka Nakuru

MTOTO anayezaliwa na moyo usioweza kufikisha damu ya kutosha mapafuni hana muda wa kusubiri. Wapo wenye miezi kadhaa ya kutafutiwa tiba, na wapo wenye siku chache tu. Hata hivyo, si ajabu mtoto wa aina hii kuzungushwa kutoka zahanati moja hadi nyingine akitibiwa nimonia, upungufu wa damu au utapiamlo, huku chanzo halisi cha taabu yake kikiwa hakijaguswa.

Kasoro hizi ni nadra, lakini si fumbo. Zina majina, zina vipimo na nyingi kati yake hutibika kwa upasuaji. Kinachoamua hatima ya mtoto mara nyingi si ustadi wa daktari wa upasuaji pekee, bali ni siku ambayo mtu wa kwanza alitambua kwamba tatizo limo moyoni.

Makala haya yanaeleza kasoro hizo ni zipi, kwa nini ni vigumu kuzitambua kwa macho katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, na mzazi wa Nakuru, Molo, Naivasha au Baringo anapaswa kufanya nini anapozishuku.

Moyo wenye afya

Moyo wa binadamu una vyumba vinne: viwili vya juu vinavyopokea damu na viwili vya chini vinavyoisukuma. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini, ambayo haina oksijeni nyingi, na kuisukuma kupitia mshipa wa mapafu ili ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto hupokea damu hiyo ikiwa imejaa oksijeni na kuisambaza mwilini kupitia mshipa mkuu uitwao aota. Ukuta katikati huzuia damu za pande hizo mbili zisichanganyike.

Mtoto akiwa tumboni hapumui. Oksijeni huipata kutoka kwa mama kupitia kondo la nyuma, na mapafu yake huhitaji damu kidogo tu. Kwa sababu hiyo, maumbile yameweka mshipa mfupi wa muda unaounganisha mshipa wa mapafu na aota ili damu iyapite mapafu kando. Mtoto anapozaliwa na kuvuta pumzi, mshipa huo huanza kujifunga. Kwa watoto wengi waliotimiza miezi yao tumboni, huwa haupitishi damu tena baada ya siku mbili au tatu.

Ni muhimu kuukumbuka mshipa huo wa muda, kwa kuwa kwa baadhi ya watoto ndio tegemeo pekee la uhai.

Kasoro nne kwa pamoja

Kasoro inayojulikana zaidi miongoni mwa zile zinazopunguza damu ya mapafuni huitwa tetralojia ya Fallot. Neno tetralojia limetokana na Kigiriki na hudokeza mambo manne. Fallot ni jina la tabibu Mfaransa, Étienne-Louis Arthur Fallot wa Marseille, ambaye mwaka 1888 aliandika kwa kina kuhusu hali hiyo. Hakuwa wa kwanza kuiona, kwa kuwa mwanasayansi wa Denmark, Niels Stensen, alikuwa amekwisha kuieleza mnamo 1671.

Mambo hayo manne ni haya. Kwanza, njia ya damu kuelekea mapafuni huwa nyembamba. Pili, kuna tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini. Tatu, aota, badala ya kutoka chumba cha kushoto pekee, hukaa juu ya tundu hilo na kupokea damu ya pande zote mbili. Nne, misuli ya chumba cha chini cha kulia hunenepa kwa sababu ya kusukuma damu dhidi ya njia iliyobana.

Matokeo yake ni rahisi kuelewa. Damu isiyo na oksijeni, inapokuta njia ya mapafuni imebana, hupenya tunduni na kuingia katika aota, kisha ikarudi mwilini bila kupita mapafuni. Kadiri njia ya mapafuni inavyobana ndivyo mtoto anavyokosa oksijeni. Ndiyo maana watoto wawili wenye ugonjwa wa jina moja huweza kutofautiana sana: mmoja akawa buluu tangu juma la kwanza, na mwingine akaonekana mzima hadi anapoanza kutambaa.

Njia inapoziba kabisa

Kasoro iliyo nadra zaidi na ya hatari zaidi ni pale ambapo vali ya mshipa wa mapafu haikufunguka kamwe, au mshipa wenyewe haukuumbika sawasawa. Madaktari huiita atresia ya mapafu. Hapa njia haikubana tu, bali haipo. Wapo wanaozaliwa na hali hiyo pamoja na tundu kati ya vyumba vya chini, na wapo ambao ukuta huo ni mzima, na mara nyingi chumba chao cha chini cha kulia huwa kidogo na dhaifu.

Mtoto wa namna hii huweza kulia vizuri anapozaliwa, akanyonya na hata kuruhusiwa kwenda nyumbani na mamaye siku inayofuata. Damu hufika mapafuni kwa kupitia ule mshipa wa muda. Mshipa huo unapojifunga, hali hubadilika kwa saa chache: mtoto huwa buluu, hupumua kwa kasi, huacha kunyonya na kulegea. Asipopata msaada hufariki, na mara nyingi jamaa huambiwa kwamba alikufa kwa ugonjwa wa kifua.

Huathiri watoto wangapi?

Kwa jumla, kasoro za moyo za kuzaliwa nazo huwapata watoto kati ya 8 na 10 katika kila 1,000 wanaozaliwa hai, na nyingi ni nyepesi. Tetralojia ya Fallot hukadiriwa kuwapata watoto kati ya 3 na 5 katika kila 10,000. Atresia ya mapafu ni nadra zaidi: takriban mtoto 1 katika kila 7,000 hadi 10,000.

Hesabu hizo zaweza kuonekana ndogo. Lakini Kaunti ya Nakuru pekee ilikuwa na watu 2,162,202 katika sensa ya 2019. Tuseme kuna eneo ambako watoto 50,000 huzaliwa kila mwaka. Kwa makadirio hayo, watoto kati ya 15 na 25 watazaliwa na tetralojia ya Fallot kila mwaka, na wengine watano hadi saba na atresia ya mapafu. Hao ni watoto wa kutosha kujaza darasa. Muuguzi wa zahanati ya kijijini anaweza kufanya kazi miaka mingi akakutana na mmoja tu, na huyo mmoja ndiye asiyepaswa kumpita.

Kwa nini macho hayatoshi

Vitabu vya zamani vya tiba viliwaita hawa watoto wa buluu. Jina hilo lilitungwa na watu waliozoea kutazama ngozi nyeupe, nalo laweza kumpotosha mama wa Kiafrika. Katika ngozi nyeusi rangi ya buluu haionekani kwa urahisi usoni wala mikononi. Mahali pa kuitafuta ni kwenye ulimi, ufizi na upande wa ndani wa midomo, mtoto akiwa mahali penye mwanga wa mchana. Ulimi wa mtoto mwenye afya huwa wa waridi. Ulimi wenye rangi ya kijivu au zambarau ni ishara ya hatari.

Inafaa kutofautisha hapo. Mikono na miguu ya mtoto mchanga huweza kuwa na rangi ya buluu kwa sababu ya baridi tu, jambo la kawaida katika asubuhi za Molo au Mau Narok. Akifunikwa, rangi hurudi. Lakini baridi haibadilishi rangi ya ulimi.

Sababu ya pili inahusu wingi wa damu. Rangi ya buluu hutokana na himoglobini iliyopoteza oksijeni, na kwa kawaida jicho haliioni mpaka kiwango cha oksijeni katika damu kimeshuka hadi asilimia 85 au chini zaidi. Mtoto mwenye upungufu wa damu ana himoglobini chache, kwa hivyo hata akikosa oksijeni kwa kiasi kikubwa huenda asiwe buluu bali akaonekana amepauka. Katika nyanda za chini za Baringo, ambako malaria na lishe duni hupunguza damu ya watoto, mtego huu ni wa kweli.

Sababu ya tatu ni mwinuko wa ardhi. Mji wa Nakuru uko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo ni zaidi ya mita 2,400. Katika mwinuko wa Nakuru, kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Mtoto mwenye moyo mzima huzoea hali hiyo bila taabu, ingawa kipimo chake cha oksijeni huweza kuwa chini kidogo kuliko cha mwenzake wa pwani. Mtoto mwenye kasoro huwa hana akiba ya kupunguziwa, na mhudumu aliyezoea kuona vipimo vya chini kidogo anaweza kudhani ni mambo ya mwinuko tu.

Dalili za kuangalia

Kwa mtoto mchanga, dalili ya kwanza mara nyingi huonekana wakati wa kunyonya. Huanza kwa hamu, kisha huacha baada ya muda mfupi akihema na kutoka jasho kichwani, hulala kidogo, halafu huamka akilia njaa. Uzani wake hauongezeki inavyostahili katika kijitabu cha kliniki.

Kwa mtoto mkubwa aliyeweza kutembea bila kutibiwa, kuna dalili moja ambayo mwalimu wa chekechea anaweza kuitambua kabla ya daktari. Mtoto hukimbia hatua chache na wenzake, kisha huchuchumaa na kukaa hivyo mpaka pumzi imrudie. Hiyo si michezo wala uvivu. Anapochuchumaa, mishipa ya miguu hubanwa, damu hupata kizuizi upande wa mwili na sehemu yake kubwa zaidi hulazimika kuelekea mapafuni. Mtoto huyo amegundua mwenyewe njia ya kujisaidia.

Dalili nyingine ni ncha za vidole kuvimba na kuwa za mviringo, kucha zikipinda kama mgongo wa kijiko. Hii huchukua miezi mingi kujitokeza, hivyo inaonyesha kwamba oksijeni imepungua kwa muda mrefu. Daktari akiweka kifaa chake kifuani huweza kusikia mvumo, yaani sauti ya damu inayopita kwa nguvu mahali palipobana.

Jambo la kuwasaidia wahudumu ni hili: mtoto mwenye nimonia akipewa oksijeni, kwa kawaida kipimo chake hupanda. Mtoto ambaye damu yake haifiki mapafuni akipewa oksijeni, kipimo hupanda kidogo sana au hakisogei, kwa kuwa hewa ipo lakini damu ya kuichukua haipo. Mtoto wa buluu asiye na homa wala kikohozi, na ambaye hafaidiki na oksijeni, apelekwe kuchunguzwa moyo.

Kipimo cha dakika chache

Chombo kinachoweza kuziba pengo la macho ni oksimeta, kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni na kuonyesha asilimia ya oksijeni. Wengi wetu tulikizoea wakati wa janga la Covid-19. Kwa mtoto mchanga hutumika kihisio laini kinachofungwa mkononi au mguuni. Hakichomi wala hakitoi damu.

Nchini Marekani, kipimo hiki kiliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya uchunguzi unaopendekezwa kwa kila mtoto mchanga. Utaratibu wake ni mwepesi. Mtoto akishatimiza saa 24, hupimwa katika mkono wa kulia na katika mguu mmoja. Kipimo cha asilimia 95 au zaidi, bila tofauti ya zaidi ya 3 kati ya mkono na mguu, huhesabiwa kuwa salama. Kikiwa kati ya 90 na 94 hurudiwa baada ya saa moja. Kikiwa chini ya 90 mtoto huchunguzwa papo hapo. Viwango hivyo viliwekwa kwa kuzingatia nchi za usawa wa chini, na katika nyanda za juu watoto wengi zaidi huhitaji kupimwa tena. Hata hivyo kipimo cha chini ya 90 Nakuru hakipaswi kufumbiwa macho.

Oksimeta haitaji jina la ugonjwa. Huonyesha tu kwamba kuna jambo. Jibu kamili hutolewa na picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ambayo hospitalini huitwa eko. Haina mnururisho na haimuumizi mtoto.

Kwa mama mjamzito, uchunguzi wa mawimbi ya sauti kati ya wiki ya 18 na 22 huweza kugundua baadhi ya kasoro kabla ya kujifungua. Lakini mama asitulizwe na maneno kwamba moyo wa mtoto una vyumba vinne. Katika tetralojia ya Fallot vyumba vyote vinne huweza kuonekana sawa. Ni lazima mpimaji aangalie pia mishipa mikubwa miwili inayotoka moyoni.

Mtoto anapozidiwa ghafla

Watoto wenye tetralojia ya Fallot hupatwa na vipindi vya hatari, hasa asubuhi baada ya kulia, kunyonya au kwenda haja. Njia ya mapafuni hubana zaidi kwa ghafla, mtoto akawa buluu sana, akahema na hata kuzirai.

Mzazi afanye hivi: amchukue mtoto kwa utulivu, ayakunje magoti yake hadi yaguse kifua, na amkumbatie katika hali hiyo huku akimbembeleza anyamaze. Huko ni kuchuchumaa kwa mtoto asiyeweza kusimama. Kisha apelekwe hospitalini bila kuchelewa hata kama amepata nafuu, kwa sababu kipindi kimoja mara nyingi hufuatwa na kingine.

Kuhara na kutapika, ambako kwa mtoto mwingine kungesubiri kesho, kwa mtoto huyu ni dharura. Mwili unaokosa oksijeni hutengeneza chembechembe nyekundu nyingi na damu huwa nzito. Akipoteza maji, damu hiyo huweza kuganda na kusababisha kiharusi. Vilevile vijidudu vilivyo katika damu huweza kufika ubongoni bila kuchujwa na mapafu na kuunda jipu. Maumivu makali ya kichwa, homa na kutapika kwa mtoto wa aina hii yasichukuliwe kuwa malaria tu.

Himoglobini yake nayo isomwe kwa uangalifu. Kiwango cha gramu 12 ambacho kwa mtoto mwingine ni kizuri, kwake huweza kumaanisha upungufu wa madini ya chuma.

Njia za rufaa hupanda kabla ya kushuka

Hospitali kubwa ya rufaa ya umma katika eneo hili ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru, ambayo wakazi wengi bado huiita PGH. Upasuaji wa moyo wa watoto, hata hivyo, huhitaji safari. Nairobi, ulipo umbali wa kilomita zipatazo 160, kuna Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Mater Misericordiae. Magharibi kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, mji ambao pia una hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka 2015. Kusini magharibi, katika Kaunti ya Bomet, kuna Hospitali ya Tenwek, hospitali ya kimisheni ambayo imejijengea jina kwa upasuaji wa moyo.

Barabara hizo zote hupanda kabla ya kushuka. Ya kwenda Eldoret hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Ya Nairobi hupanda baada ya Naivasha na kupita zaidi ya mita 2,400. Ya Bomet kupitia Kericho huanza kwa kuupanda Mau. Mtoto ambaye oksijeni yake ilikuwa ya kubahatisha akiwa Nakuru huweza kuzidiwa njiani. Kwa hiyo asafirishwe akiwa amefunikwa vizuri, akiwa amenyonyeshwa au kuwekewa maji, akiandamana na muuguzi na mtungi wa oksijeni ikiwezekana, na hospitali inayompokea ikiwa imepigiwa simu mapema.

Kwa mchanga anayeutegemea ule mshipa wa muda, kuna dawa iitwayo prostaglandini inayouweka wazi. Ilianza kutumika miaka ya 1970 na imeokoa watoto wengi duniani. Hudondoshwa mshipani bila kukatizwa, na huweza kumfanya mtoto asahau kupumua, hivyo hutolewa mahali penye uangalizi wa karibu. Dawa hii haitibu kasoro. Hununua muda wa kumfikisha mtoto kwa daktari wa upasuaji.

Tiba ya upasuaji

Hadi mwaka 1944 hapakuwa na la kufanya. Tarehe 29 Novemba mwaka huo, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, Dkt Alfred Blalock alimfanyia upasuaji mtoto wa miezi 15 kwa kuunganisha mshipa wa mkono na mshipa wa mapafu, ili damu ipate njia nyingine. Wazo lilikuwa la Dkt Helen Taussig, daktari wa watoto aliyekuwa na tatizo la kusikia na aliyejifunza kuuchunguza moyo kwa viganja vyake. Aliyeijaribu mbinu hiyo maabarani na kusimama nyuma ya Blalock akimwelekeza ni Vivien Thomas, fundi mweusi ambaye hakuwa na shahada ya udaktari. Jina lake lilikaa kivulini kwa miaka mingi, hadi Johns Hopkins ilipomtunuku shahada ya heshima mwaka 1976.

Njia hiyo bado hutumiwa, siku hizi kwa kutumia kijibomba cha kutengenezwa, kwa watoto walio wadogo mno au wenye atresia ya mapafu. Upasuaji wa kurekebisha kasoro yenyewe ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1954 na Dkt C. Walton Lillehei huko Minnesota. Tundu huzibwa kwa kiraka na njia ya mapafuni hupanuliwa. Leo, palipo na vituo kamili, upasuaji huu hufanywa kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja.

Tofauti kati ya kutibiwa na kutotibiwa ni kubwa. Tafiti za kale zilionyesha kwamba bila upasuaji, takriban robo moja tu ya watoto wenye tetralojia ya Fallot hufikisha umri wa miaka 10. Wanaorekebishwa katika nchi zenye huduma nzuri, zaidi ya tisa kati ya kumi huwa hai miongo miwili na zaidi baadaye. Mwanamichezo wa Marekani Shaun White alizaliwa na kasoro hii, akapasuliwa akiwa mchanga, na akashinda medali tatu za dhahabu katika Olimpiki za majira ya baridi za 2006, 2010 na 2018.

Hata hivyo upasuaji si mwisho wa kliniki. Miaka inavyopita vali ya mapafu huweza kuvuja na mapigo ya moyo kuvurugika. Aliyefanyiwa upasuaji utotoni anahitaji kuonwa na daktari wa moyo maisha yake yote, na mwanamke aonwe kabla ya kubeba mimba. Meno yasafishwe vyema, na daktari wa meno aelezwe historia ya mgonjwa kabla ya kung'oa, kwa kuwa vijidudu vya kinywani huweza kuushambulia moyo.

Gharama

Kwa familia nyingi, hofu ya pili baada ya ugonjwa ni fedha. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Ni vyema wazazi wawe wamejisajili na kulipa mchango kabla ya mtoto kuzaliwa, na wamwongeze mtoto katika usajili punde apatapo cheti. Kabla ya kusafiri, waulize hospitali inayowapokea ni kiasi gani kitalipiwa na ni kipi watakachojazia.

Ipo pia misaada ya hisani. Mbio za Moyo za Mater, zilizoanza mwaka 1994, ziliwafundisha Wakenya wengi kwamba mtoto mwenye kasoro ya moyo anaweza kutibiwa, na zimechangia upasuaji wa watoto wa familia maskini. Afisa wa ustawi wa jamii katika hospitali ya kaunti ndiye wa kuulizwa kuhusu njia kama hizo. Harambee inaweza kufuata, lakini isitangulie rufaa: mtoto aingizwe kwanza katika orodha ya daktari, kisha fedha zitafutwe.

Chanzo na kinga

Mara nyingi hakuna sababu moja inayopatikana. Si laana, si jicho baya, wala si kosa la mama. Baadhi ya watoto huwa na hitilafu katika kromosomu ya 22. Kisukari kisichodhibitiwa wakati wa mimba, ulevi na baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari. Virusi vya rubela vikimpata mama katika miezi ya mwanzo huweza kubana mishipa ya mapafu ya mtoto. Chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2016, humkinga mtoto wa leo, na msichana anayechanjwa leo huwa ameukinga moyo wa mtoto atakayemzaa kesho.

Wazazi waliopata mtoto mmoja mwenye tetralojia ya Fallot wana uwezekano wa takriban 3 katika 100 wa kupata mwingine mwenye kasoro ya moyo. Maana yake ni kwamba wengi watapata watoto wazima, ila kila mimba ichunguzwe mapema.

Kwa mzazi aliye wodini sasa, ombi ni moja kabla ya kufunga virago: mtoto apimwe oksijeni, mkono wa kulia na mguu, na nambari hizo ziandikwe katika kijitabu chake. Kwa muuguzi wa kliniki ya chanjo, nafasi zipo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, wakati mtoto analetwa mikononi mwake na kufungua kinywa kulia. Autazame ulimi.